Halbadiri ya Kompyuta

Watu wa hapa Bagamoyo wanasema Mwanabaraka ana roho mbaya. Na waseme! Mie niliyekaa naye ukuta kwa ukuta, nikimshonea nguo tangu tuko wasichana, namjua aliyemfanya awe hivyo. Ni Alawi, na kiherehere chake.

Mwaka sabini na saba wafadhili walileta kompyuta kwenye mradi wa kupima maji ya Mto Ruvu, ikawekwa katika nyumba ya mawe kule Dunda. Mwanabaraka na Alawi walikuwa wamesomea kazi hiyo pamoja Dar es Salaam, darasa moja, cheti kimoja. Wakaelewana vizuri mpaka siku meneja aliposema anatafuta mkuu wa chumba cha kompyuta. Tangu hapo Alawi akawa hataki hata kuitikia salamu yake.

Ikaja mashine mpya ya kuchapa. Ili kompyuta iitambue, ilibidi waijenge upya ile programu ya msingi inayotawala kila kitu ndani yake. Wenyewe wanaiita kiini. Alawi akaenda Dar, akarudi na kanda yenye maandishi ya kiini hicho, wakaanza kujenga. Loo! Kila wakijaribu, kompyuta inatoa makosa chungu nzima kisha inagoma. Wafadhili wako njiani kuja kukagua, na meneja anafoka.

Alawi akamnong'oneza meneja kwamba Mwanabaraka ameichezea kompyuta makusudi, kwa wivu wa cheo. Ati alikutwa mle ndani peke yake siku ya Ijumaa, wanaume wako msikitini! Meneja akamsimamisha kazi. Haikufika magharibi mji mzima ukawa unajua, na wachumba waliokuwa wakibisha hodi kwa baba yake wakapotea. Alilia kwangu mpaka nikaacha cherehani.

Na bado Alawi hakutosheka. Akatangaza kwamba Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, kwao itasomwa halbadiri: aliyeiharibu kazi ya kompyuta, dua imshukie, yeye na kizazi chake. Nisikufiche, niliogopa. Hapa kwetu mtu akiibiwa kuku, akitaja halbadiri tu, kuku anarudi mwenyewe.

Jumatano Mwanabaraka akaenda ofisini kuchukua vitu vyake, mlinzi akamfungulia. Akarudi kwangu macho makavu.

"Mardhiya, kosa nimeliona. Kompyuta inatumia toleo la sita la kiini. Kanda aliyoileta Alawi ni ya toleo la tano. Lebo iko wazi, hakuisoma. Ni kama wewe ukate mikono kwa kipimo cha gauni hili, ukaishonee kwenye gauni lile."

"Na dawa yake?"

"Kanda ya toleo la sita imo kabatini, ilikuja na kompyuta yenyewe. Nimeijaribu, kiini kimejengeka bila kosa. Kisha nikarudisha kila kitu kama nilivyokikuta."

Nikaruka. "Alhamdulillahi! Twende kwa meneja sasa hivi!"

Akanikamata mkono. "Huendi popote. Kesho wasome kwanza."

"Mwanabaraka! Mwenzio hajui kama ni yeye. Atajisomea mwenyewe!"

"Mimi alinihurumia?"

Nikarudi kwenye cherehani yangu. Kusema kweli nami nilitaka akome.

Alhamisi nyumba ya kina Alawi ilijaa. Wanaume mkekani, ubani unafuka, sisi wanawake nyuma ya pazia pamoja na Bimdogo, mama yake Alawi. Sheikh Sadallah akasema mwenye neno aseme kabla hajafungua kitabu, maana jambo hili si la mchezo. Alawi akageukia pazia, akapaza sauti.

"Dada Mwanabaraka, mlango wa toba bado uko wazi."

"Someni tu, kaka yangu," akajibu. "Aliyefanya, imfike."

Wakasoma. Kila dua Mwanabaraka aliitikia amini kwa sauti kuliko sote, na Bimdogo, masikini ya Mungu, akaitikia vilevile ubavuni pake. Mie ulimi ulikuwa mzito.

Watu walipoanza kunywa kahawa, Mwanabaraka akavaa buibui lake vizuri, akatoka mbele ya meneja, aliyekuwa mkekani na wenzake. "Bwana Meneja, kosa nimelipata. Tuandamane."

Tukaenda kundi zima mpaka Dunda. Akaweka kanda ya toleo la tano: makosa. Akaweka ya toleo la sita: kimya, hakuna kosa, na baada ya muda mashine ya kuchapa ikaanza kulia.

"Hii ya toleo la tano aliileta nani?" meneja akauliza.

Watu wote wakamgeukia Alawi. Bimdogo, aliyetufuata hadi mlangoni, akapiga ukelele, na hapo ndipo mwanawe alipoanguka miguuni pa Mwanabaraka. "Niwie radhi, dada yangu! Mke wangu ana mimba!" Sheikh Sadallah akasema dua inaweza kuondolewa, lakini aliyeonewa asamehe kwanza.

"Nitafikiri," akasema Mwanabaraka.

Ukuu wa chumba akapewa yeye. Alawi aliacha kazi, akahamia Fukayosi kulima mihogo. Mtoto akazaliwa mzima, na mwingine baada yake, lakini mmoja akipata homa tu, Bimdogo huyo mlangoni kwa Mwanabaraka, anaomba radhi ya mwanawe. Anakaribishwa, anapewa chai, anaambiwa bado anafikiriwa.

Juzi, bibi wa watu alipokwisha kuondoka akijifuta machozi, nilishindwa kuvumilia. "Shoga, kweli unaamini ile dua ilimshukia?"

"Mimi? Siamini hata kidogo," akasema, huku akikusanya vikombe. "Alawi ndiye anayeamini."