Kopo la Kukimbia Lililoongezeka Lenyewe

Kopo langu la akiba lilianza kuongezeka lenyewe.

Ndiyo, umesoma vizuri. Kuongezeka. Lingepungua ningeelewa: nina mume, nina mtoto, naishi Goma. Lakini lenyewe lilikuwa linanenepa, na mimi ndiye niliyekonda.

Ngoja nianze mwanzo, na tafadhali usiruke mistari halafu uje kuniuliza maswali chini.

Naitwa Uwimbabazi, mama yake Niyigena. Mimi ni mtu wa Kalengera, kule barabara ya Rutshuru. Vita vilitutoa mwisho wa 2022. Mume wangu Anastase alibeba mashine yangu ya kushona kichwani, mimi nikambeba mtoto. Duka lake lilibaki wazi, hakupata hata muda wa kufunga mlango.

Kisa chenyewe ni cha 2024. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja mtaa wa Ndosho, nyuma ya nyumba ya mama mjane aliyetoka mji wa Beni, anayeitwa Mama Masika. Alikuwa akiuza maharage kando ya barabara, hatua kama hamsini kutoka kwetu, na Niyigena alimwita Koko, kama nyanya yake. Mabomu ya upande wa Sake tulikuwa tunayasikia kama jirani anayesogeza kabati.

Pesa ilikuwa inaingia kwa njia moja tu. Ile mashine.

Anastase alikuwa akipata kibarua leo, kisha wiki mbili hakuna. Kwa hiyo mimi nikawa waziri wa fedha, na waziri mkali.

Nikachukua makopo manne matupu ya maziwa ya unga. La chakula. La nyumba. La shule. La nne nikaliita la kukimbia.

Kila jioni nikirudi, kabla hata ya kukaa, nagawa. Kila kopo na chake. Chakula kikiisha kabla ya wiki, tunakunywa uji, hatukopi kwa kopo la shule. Watu walinicheka. Lakini miezi sita ilipita na sikuwa na deni kwa mtu yeyote, na hiyo kwa mkimbizi si jambo dogo.

La kukimbia lilikuwa na sheria zake. Nililitoboa mfuniko, nikauzungushia utepe. Lilikaa ndani ya mfuko kando ya mlango, pamoja na sweta ya mtoto na karatasi zetu. Kila Jumamosi niliingiza franka elfu tano. Nilikuwa nalifungua mara moja tu kwa mwezi, Jumapili ya mwisho, kuhesabu na kufunga tena.

Siku moja Anastase aliniomba.

"Mama Niyi, unipe kidogo mu ile kopo. Ninunue gunia moja ya makala, niuze kidogo kidogo. Mwanaume hawezi kukaa tu."

"Na mabomu ikifika kesho, tutakimbia na makala?"

Habari ya makaa ikaishia hapo. Hakuomba tena. Nilijiona nimeshinda.

Sasa sikiliza.

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa pili nafungua kopo, nakuta noti ya dola kumi.

Humo mimi niliweka franka tu. Dola sikuweka hata moja.

Nikaitazama. Nikamtazama Anastase, alikuwa ananyoa ndevu mlangoni akipiga mluzi. Mtu asiye na kazi anapiga mluzi wa nini?

Sikumuuliza. Nilirudisha utepe.

Mwezi wa tatu, kumi nyingine.

Hapo usingizi ukaniaga. Kipindi hicho kila wiki tulikuwa tunasikia mtu kavamiwa, mtu kapigwa risasi nyumbani kwake kwa ajili ya simu. Na kila mtu alijua kwamba wezi wengine walikuwa baba za watu, wanaume waliochoka kukaa bure. Nikaanza kunusa mashati ya mume wangu. Nikaanza kuhesabu saa anazotoka na saa anazorudi. Akinigusa nashtuka.

"Uko na nini siku hizi?" aliniuliza.

"Hakuna kitu."

"Mama Niyi."

"Nimesema hakuna kitu!"

Hapo ndipo mlango ulikuwa wazi kabisa wa kuongea, nikaufunga mwenyewe.

Kabla sijaendelea, nikiri uchafu wangu. Mteja mmoja alinilipa gauni la harusi na noti ya dola ishirini, jioni, umeme umekatika. Asubuhi naiangalia, imechanika pembeni. Na hapa Goma dola ikichanika hata urefu wa punje ya mchele, imekufa. Wabadilisha pesa wote wa Ndosho waliniangalia kama niliyewapelekea panya.

Nilifanyaje? Kodi yetu ilikuwa dola thelathini. Mwanzoni mwa mwezi wa nne nikaikunja ile mbovu katikati, nikaweka kumi nzuri juu yake, nikampelekea Mama Masika wakati mvua inanyesha na mikono yake imejaa maharage.

"Aksanti, mwanangu," akasema, akaisukuma kifuani bila kuangalia.

Nilirudi nyumbani nacheka peke yangu. Nilijiona mjanja kweli.

Mwezi huohuo upepo ukang'oa mabati ya Mama Masika, upande wa chumba chake cha kulala. Akamwita Anastase amtengenezee. Alishinda juu ya chumba kile siku mbili nzima.

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nne nikafungua kopo.

Ndani kulikuwa na noti ya dola ishirini. Imechanika pembeni.

Ilikuwa yangu. Ile ile. Niliyoitia mwenyewe mkononi mwa Mama Masika.

Niliigeuza pande zote mbili. Nikakaa chini kwenye sementi na kopo katikati ya magoti. Hesabu ilijipiga yenyewe kichwani: noti ilikuwa kifuani mwa Mama Masika, ikaenda chumbani mwake. Mume wangu alikuwa juu ya chumba hicho, mabati wazi. Sasa noti iko kwangu.

Mume wangu ni mwizi. Na amemwibia mjane anayetulaza.

Ndosho mwizi hapelekwi mbali. Anaishia pale pale aliposhikwa, kwa mawe. Niliwahi kuona mara moja na sitaki kueleza.

Nikawaza haraka. Mama Masika alikuwa kwenye maharage yake. Anastase alikuwa kwenye foleni ya maji na mabidoni. Kama ningerudisha zile dola arobaini chumbani mwake kabla hajagundua, hakuna atakayekufa.

Nilipita mlango wa nyuma. Nikaingia chumbani kwake. Nikainua godoro.

"Unatafuta nini humo?"

Alikuwa Ferdinand, shemeji yake Mama Masika, mdogo wa marehemu mumewe. Alikuwa anapita kila mwisho wa mwezi kuchukua pesa za wapangaji, akisema nyumba ni ya ukoo. Hakuwahi kutupenda. Wiki moja kabla alinitupia neno uani: "Chumba ya dola makumi mbili, na bado munatembea na uso ya njaa." Nililipa thelathini kila mwezi, nikaona tu kwamba hajui hesabu.

Sasa ananiona na dola mkononi, chini ya godoro la watu.

"Mwizi! Kumbe njo wewe mwizi!"

Hapa ndipo ninapoona aibu kuandika. Ningeweza kusema ukweli. Ningeweza kunyamaza. Nilimwona Niyigena amesimama uani na kandambili zake, nikaona mawe yananijia mimi, na mdomo ukasema peke yake:

"Si miye! Ni bwana yangu njo aliiba! Miye nilikuwa narudisha!"

Ferdinand hakusubiri. Alinipokonya zile dola, akatoka akipiga kelele barabara nzima.

Na Anastase, masikini, ndiye alikuwa anaingia getini na bidoni mbili za maji.

Sikujua vijana walitoka wapi wengi vile. Bidoni zilianguka, maji yakatapakaa kwenye mawe meusi. Mmoja alimshika shingo. Mwingine alikuwa tayari ameokota jiwe.

"Sijaiba kitu! Muniambie niliiba nini!" Anastase alikuwa anasema.

"Bibi yako mwenyewe amesema!"

Akageuka, akanitafuta kwa macho.

"Mama Niyi? Ni weye ulisema vile?"

Nikainamisha macho. Jiwe la kwanza lilimpiga juu ya jicho la kushoto. Damu ilishuka haraka mpaka kwenye shati. Nilipiga mayowe, nikamrukia aliyelirusha, nikasukumwa nikaanguka. Nilikuwa napiga kelele kwamba nimekosea, kwamba wamwache, lakini neno nililolitoa lilikuwa limeshakuwa la watu wote.

"Mumuache!"

Mama Masika aliingia akikimbia, kitenge kimemlegea, vumbi la maharage mpaka kwenye nyusi. Hakuuliza kitu. Alipita katikati yao, akamkumbatia Anastase kichwa, akawageuzia mgongo wake.

"Mupige sasa! Munipige miye kwanza!"

Wakasita. Nani atampiga mama wa maharage, aliyewakopesha nusu ya watu wa avenyu yetu?

"Ameiba makuta yako," Ferdinand alisema, akiinua zile pesa. "Bibi yake ameishika chini ya godoro yako. Angalia, arobaini."

Mama Masika alizitazama zile noti. Aliiona ile iliyochanika. Akafumba macho kidogo.

"Hakuna mutu aliiba. Hizo makuta, ni miye njo niliiweka mu kopo yao."

Mikono yenye mawe ikashuka. Hata mimi niliacha kulia.

"Kuweka?" Ferdinand akacheka. "Mwenye nyumba anarudishia mupangaji?"

"Ndiyo. Ufunguo yao inabakiaka kwangu, mutoto akitoka ku masomo apate kuingia. Siku moja aliniambia, Koko, hii ndiyo kopo yetu ya kukimbia."

Alikuwa anahema. Aliendelea polepole, sasa akiongea na mimi.

"Siye Beni tulikimbia usiku, sikukuwa na hata franka moja. Mutoto wangu Prodige alikuwa na homa. Mwenye pikipiki alisema makuta kwanza. Nikatembea naye mu mugongo mpaka asubuhi. Asubuhi alikuwa amenyamaza."

Hakulia. Alijifuta vumbi usoni.

"Basi nilipoona ile kopo, nikasema hii isikose kitu. Nilikuwa narudisha kumi kila mwezi. Shemeji nikamwambia chumba ni ya makumi mbili."

Ferdinand aliacha kucheka. Sasa alikuwa ameelewa, na nilimwona akihesabu miezi.

"Na ile ya kuchanika," Mama Masika akaniambia, "wote bameikataa. Nikasema irudie mwenyewe. Weye uliweza kunipitishia miye, utapata fasi ya kuipitisha tena."

Watu wawili watatu walicheka. Mimi nilitamani ardhi ya Ndosho ipasuke, na kwetu, chini ya volkeno, ardhi huwa inapasuka kweli.

Vijana walitawanyika bila kusema pole. Yule wa jiwe alisimamisha bidoni iliyoanguka, akaondoka.

Mnadhani kisa kiliisha vizuri? Subirini.

Ferdinand aliita ukoo. Walisema shemeji yao anadanganya juu ya mali ya marehemu. Ndani ya wiki tatu Mama Masika alitolewa kwenye nyumba aliyoishi miaka tisa, akaenda kukaa na binti wa dada yake, mtaa wa Mabanga. Mjane aliyetufungulia mlango akatoka na mabegi mawili, kwa sababu ya mdomo wangu. Siku ile nilimshika miguu. Akaniinua, akasema, "Simama, utachafua kitenge."

Nasi tulihama. Makopo sasa ni matano. La tano ni lake, kila mwisho wa mwezi nampelekea Mabanga, na kila mara tunagombana mlangoni mpaka apokee.

Na Anastase?

Alishonwa nyuzi sita. Usiku ule nilimwosha damu kwa maji ya chumvi. Nilitaka anipige, anitukane, afanye chochote. Aliniuliza kitu kimoja tu:

"Ulijua toka mwezi wa pili?"

"Ndiyo."

"Miezi miwili tunalala kitanda kimoja."

Akageukia ukuta.

Nilimpa pesa ya gunia la makaa. Sasa anauza magunia manne kwa wiki, nyumba ina mapato mawili, na ananiletea kila franka nigawe. Tunakula. Mtoto anasoma. Wanaotuona wanasema tumeinuka.

Ninachotaka uondoke nacho ni hiki. Gawa pesa yako, iwe kwa makopo, iwe kwa bahasha, mimi iliniinua na sitaiacha. Lakini ukikuta nyumbani kwako kitu usichokielewa, muulize mtu wako siku hiyo hiyo, kabla hujampangia kosa kichwani. Mimi nilijua kila franka yangu iko wapi, na mume wangu niliyeishi naye miaka kumi na moja nikakubali kwamba ni mwizi bila kumuuliza hata swali moja.

Najua mtaniuliza huko chini kama alinisamehe.

Sijui. Bado sijathubutu kumuuliza.