Sala Ndefu Kuliko Safari ya Brussels

Kosa litakaloanikwa hapa ni urefu wa maneno. Ni ugonjwa wa watu wema, na kwa sababu hiyo hauna daktari.

Asubuhi hiyo mizigo ilikuwa mlangoni mwa nyumba yangu ya Hässelby, huku kaskazini mwa Ulaya. Mimi na kaka yangu mkubwa tulikuwa tukienda Brussels kumposea mwanangu. Kwa desturi yetu Warundi, siku ya posa baba hukaa kimya, na msemaji ndiye anayeomba. Msemaji wetu alikuwa kaka. Wazee wa binti wangetupokea jioni ileile. Tukiikosa ndege, posa ingeahirishwa hadi watakapokubali kukusanyika tena, na mama wa binti, ambaye hakumpenda sana kijana wangu, asingekuwa na haraka ya kuwakusanya.

Wenzetu wa maombi walikuja kutuaga. Mzee wa kanisa, mtu mwenye sauti nzuri na asiyevaa saa, alimgeukia kaka.

"Brussels ni mbali kiasi gani?"

"Kilomita elfu moja na mia mbili na ushee, mzee. Angani ni muda wa saa mbili na robo hivi."

"Hivyo tu? Basi tuna nafasi. Tusimame."

Hapo ndipo hesabu ilipoharibika. Mzee alipewa umbali wa angani, akasahau umbali wa ardhini: treni ya mjini, treni ya uwanjani, ukaguzi wa mizigo, na lile lango la ndege lisilojali cheo cha mtu.

Tukafumba macho. Alianza na rubani, akaja kwenye mabawa, kisha magurudumu. Baada ya hapo akashika njia aliyoijua mwenyewe, akatuombea dhidi ya mito iliyofurika, vizuizi vya askari, malori yasiyo na breki na wanyama wa porini. Ndivyo alivyosafiri yeye zamani hadi kambi ya wakimbizi, na sala yake ilishonwa kwa kipimo cha safari ile. Namheshimu kwa hilo. Hata hivyo, juu ya Denmark hakuna simba.

"Kaka," nilinong'ona, "mkatize."

"Nimkatize Mungu asubuhi, jioni nikaombe binti wa watu?"

"Mungu ameshasikia. Unamkatiza mzee tu."

"Basi mkatize wewe, msomi."

Nilichungulia saa. Mzee alikuwa akikaribia mpakani, na mipaka yake ilikuwa mingi.

Ndipo sauti nzito, ambayo sikuweza kusema ni ya mwanamume au ya mwanamke, ikatamka kutoka nyuma ya sofa: "Amina."

Waliolelewa kanisani hawaulizi neno hilo limetoka wapi. Sebule nzima ikaitikia, macho yakafumbuka, mikono ikashika mabegi, na mzee akabaki katikati ya sentensi bila waumini.

Langoni tulikuwa wa mwisho kuingia. Jioni kaka aliomba kwa maneno machache, pengine kwa kuwa alikuwa bado anahema, na wazee wakatukubalia binti. Hata mama yake alitabasamu kidogo.

Tulipotoka nje nilimuuliza kaka kama alijua ni nani aliyetuokoa.

"Najua. Nilifumba jicho moja tu."

"Nani?"

"Mke wa mzee."