Vijiti Vilivyoshuka na Mlima

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni chini kwanza, na msiruke mistari. Kila Disemba mnaniuliza kwa nini kile kipande cha juu, karibu na mawe, kina mitaro mizuri ya kuzuia udongo usishuke na hakuna mtu amejenga hapo. Nitawaambia. Mimi nilifika darasa la tatu tu, kwa hiyo naandika vile naongea. Mambo mengine mpaka leo sijayaelewa, na sitajifanya.

Kile kipande ni cha shangazi yenu. Marehemu babu yenu alimpa kwa mdomo, mbele ya ndugu zake, akasema ni chake mradi kilimwe. Babu alipotuacha, binti alienda ng'ambo kufanya kazi ya uuguzi, nchi ya baridi. Hapo mdogo wa babu yenu, shemeji yangu, akaanza kupita huko juu jioni, mikono nyuma, akipima kwa hatua. Alitaka kipande kiende kwa kijana wake. Aliniambia kwa upole kwamba msichana akishavuka bahari, jembe halijui tena. Mimi nilikuwa na mgongo mbaya, na mitaro ya pale ilikuwa imeanza kubomoka. Mimi na yeye tulijua: kipande kikikaa bila kulimwa, binti yangu hana chake hapa nyumbani.

Miaka ya tisini ikielekea kuisha, binti akatuma barua na picha. Aliandika kwamba ameingia klabu ya watu wazima. Jumanne na Jumamosi wanafundishwa mlimani. Mwalimu anapanga vijiti, nao wanavifuata mpaka chini. Kwenye picha kulikuwa na mlima mweupe kama unga, vijiti vyekundu na vya buluu, na watu wazima wamesimama mstari wakimsikiliza mtu mmoja. Binti yangu alikuwa amevaa kofia ngumu kama ya mtu wa mjengo.

Sasa niambieni, mtu wa huku akiona mlima, vijiti, mwalimu na kikundi cha watu wazima, ataelewa nini? Mimi nilielewa mwethya, kikundi cha kulimiana. Nilisema wamama wa huko pia wanachimbiana mitaro, leo kwa huyu, kesho kwa yule, kama sisi. Ule weupe nilijua ni barafu. Nikasema sawa, chini ya barafu si kuna udongo.

Alhamisi nikabeba picha mpaka kwa mwethya wetu. Ikapita mkono kwa mkono, ikajaa vumbi. Mwenyekiti wetu, ambaye ndiye alipima mitaro ya mlima wetu wote kwa kamba na vijiti, aliiangalia kwa muda mrefu.

"Aliyepiga hivi vijiti hajui kazi," alisema. "Vinashuka na mlima. Vijiti vya mtaro vinakata mlima. Mvua moja tu, shamba lote liko mtoni."

Mmoja akasema pengine barafu haibebi udongo. Mwingine akasema wazungu nao waanze kufundishwa na sisi. Nilimwandikia binti amwambie mwalimu wake avigeuze vile vijiti. Na siku ya Jumapili, nje ya kanisa, nikamwambia shemeji mbele ya watu kwamba binti anasomea kazi ya mlima, na atarudi nayo. Jioni zile akaacha kupita.

Badala ya jibu ikaja kaseti ya video, imeletwa na mwuguzi mwenzake aliyekuja likizo. Siku ya soko tukaenda Masii, kwa mwenye duka aliyekuwa na televisheni. Mwethya wote walikuja. Shemeji pia alikuja, na kiti akapewa cha mbele.

Nilichoona ni hiki. Watu wazima wanapandishwa mlima wakikalia viti vinavyoning'inia kwa waya. Wakifika juu, wanafunga mbao mbili ndefu miguuni, halafu wanashuka mbio, wakipinda huku na huku katikati ya vile vijiti, wakivigonga kwa mabega. Hakuna jembe. Nilimwona mama wa rika langu, nywele nyeupe zimetoka chini ya kofia, akishuka hivyo, na watu wakimpigia makofi. Nilitafuta jembe mpaka macho yakauma.

Shemeji ndiye alisema kwanza.

"Mama, binti yako hapimi kitu. Anacheza. Mtu mzima anapanda mlima ili ashuke. Si angekaa chini tu?"

Wamama wakacheka, hata mwenyekiti. Shemeji akasema Jumamosi atakuja na kijana wake kuweka mipaka kwenye kile kipande.

Ndipo binti yangu akatokea kwenye televisheni. Alishuka vizuri, kijiti kimoja, viwili, halafu akaanguka. Akapita kijiti cha tatu akiwa chini. Wengine walikuwa wameshamaliza, na mimi nikasema sasa atajikung'uta aende nyumbani. Hakwenda. Aligeuza mbao zikakata mlima, akapanda kwa ubavu, hatua kwa hatua, bila haraka, mpaka kwa kile kijiti alichokosa. Akakizunguka, ndipo akashuka. Yule mwuguzi akatueleza kwamba ndiyo sheria yao, ukiacha kijiti kimoja huhesabiwi.

Kupanda kule nilikujua. Ni vile tunapanda mtaro na kyondo cha mbolea mgongoni, ubavu kwa mlima ili mguu usiteleze. Mimi ndiye nilimfundisha, akiwa mdogo, pale pale juu karibu na mawe.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimechanganyikiwa kabisa. Anashindana na nani? Watu wazima wanatafuta nini huko chini ambacho hakikuwa juu? Baadaye nilimwuliza kwa barua, akajibu kurasa tatu, na sikuelewa hata moja. Lakini alikuwa amerudi kupanda kwa sababu ya kijiti kimoja, na mimi nilikuwa karibu kuachilia kipande kizima kwa sababu ya kuchekwa.

Jioni ile ile ya siku ya soko niliwaita baba zenu na mama zenu wote uani, kabla ya chakula, nikawaambia:

"Kesho kukipambazuka, kila mtu na jembe lake huko juu. Mtaro wa dada yenu uwe umechimbwa kabla ya Jumamosi. Na vijiti vikate mlima."