Makala ya Akiba

Kabla watu hawajaanza kumwita Mwiba, alikuwa mtoto aliyesoma kuta. Chumba walichokulia yeye na mdogo wake kilikuwa na nyufa, na mama yao aliziziba kwa kubandika magazeti makuukuu. Mama hakujua kusoma. Alibandika kama mtu anayetia viraka, karatasi hii wima, ile kichwa chini miguu juu. Upande alipolala mkubwa maandishi yalikaa sawa, na kwa mdogo yalikuwa yamepinduka. Mkubwa akamfundisha mwenzake kusoma hivyohivyo. Siku ya kwanza shuleni, mdogo alipewa kitabu akakigeuza juu chini, kisha akakisoma mbiombio bila kukosea.

"Mama," mwalimu aliuliza, "huyu umempata kwa popo?"

Mkubwa aliingia gazetini kama msahihishaji wa makosa ya chapa. Baada ya miaka tisa akapewa safu yake mwenyewe, ukurasa wa sita, kila Ijumaa. Safu iliitwa Mwiba, na jina likahamia kwa mwenyewe. Aliwaandika wakubwa bila kumung'unya maneno. Wasomaji walikata ukurasa ule wakautunza. Wakubwa nao walimpigia simu mhariri. Akatoa vitabu viwili, na cha pili akakitabaruku kwa "mdogo wangu, sikio langu." Hakuwa anatania. Hakuna makala iliyotoka bila kumsomea mdogo wake kwanza, kwenye simu, Alhamisi asubuhi.

"Kaka, aya ya tatu ina mbwembwe," mdogo angesema. "Ivue mapambo."

Naye angeivua, huku akilalamika.

Kisha mdogo akapata kazi ya usemaji wa serikali. Mwaka wa pili mtaa wao wa utotoni ulibomolewa, na msemaji akasimama mbele ya vipaza sauti akasema kwamba vilikuwa vibanda visivyo na thamani. Chumba cha kuta za magazeti kilikuwa miongoni mwa vibanda hivyo. Mama yao alikuwa amekwisha kufa. Mwiba alipoona tingatinga kwenye televisheni alihisi kama mama anazikwa tena.

Alipiga simu. "Visivyo na thamani, eti?"

"Kaka, niliandikiwa. Nimesoma tu."

"Siku hizi unasoma vile wanavyokuwekea? Hugeuzi tena?"

Hawakuongea tena kwa miaka mitatu.

Pale gazetini palikuwa na desturi. Kila mwandishi wa safu aliacha makala moja kwenye droo ya mhariri, isiyopitwa na wakati, ya kuziba pengo siku akiugua. Waliiita makala ya akiba. Ya Mwiba haikuwahi kuguswa, maana kwa miaka ishirini na sita hakukosa Alhamisi hata moja. Wiki ileile ya ugomvi mhariri alimwambia, "Mzee, ya kwako imeota ukungu. Lete nyingine." Mwiba akaketi akaandika kwa mkupuo mmoja yote ambayo asingethubutu kuyachapisha. Kichwa chake: "Ndugu Yangu Amekufa Akiwa Hai." Akaitia ndani ya bahasha, akaifungia drooni. Hasira ilihitaji pa kukaa, naye alijua haitatoka. Yeye haugui. Akaisahau.

Jumatano moja shemeji yake, mke wa mdogo, akapiga simu.

"Shemeji, mwenzako anauliza hasira yako imebaki kiasi gani."

"Kwa nini anauliza?"

"Madaktari wameinua mikono."

Alikwenda hospitali na nguo alizovaa. Mdogo alikuwa amekonda hadi masikio yakaonekana makubwa. "Ndiyo hilo sikio lako," alisema, akilishika, "limebaki lenyewe tu." Wakacheka, kisha kicheko kikawageuka. Alhamisi nzima walikuwa wakizungumza: mama, nyufa, popo. Simu ya Mwiba iliisha chaji, hakujali. Adhuhuri, saa ya kupeleka makala, alikuwa anamkanda mdogo wake miguu.

Ijumaa asubuhi muuguzi aliingia na gazeti. "Mgonjwa wangu, Mwiba wako huyu hapa."

"Miaka mitatu sijakosa hata moja," mdogo alimwambia kaka yake, kwa aibu kidogo. Shemeji alikuwa ametoka kuchota maji ya moto. "Leo macho mazito. Nisomee, kama zamani."

Mwiba alilitandaza gazeti juu ya shuka, katikati yao, akafungua ukurasa wa sita. Kichwa cha habari kilikuwa na herufi nene kama vidole. Ilikuwa ile ya drooni. Akaanza kusoma.

Alisoma kisichokuwepo. Alisoma habari za mwanamke asiyejua herufi aliyewajengea wanawe maktaba kwa unga na maji. Alisoma habari za mtoto aliyeiona dunia juu chini akaielewa kuliko waliosimama wima. Kila mwisho wa mstari aliteremsha kidole kwenye maneno mengine kabisa. Alimaliza, akalikunja gazeti haraka.

Mdogo alilitazama gazeti lililokunjwa.

"Kaka," alisema, "umesahau nilijifunzia ukuta gani?"

Mwiba alilisukuma gazeti chini ya shuka.

"Ulikuwa na hasira."

"Nilikuwa nayo. Ni ya zamani, mdogo wangu, naapa, ilikuwa drooni..."

"Najua ni ya zamani. Uandishi wako naujua." Akafumba macho. "Hii ya mdomoni ni nzuri zaidi. Haina mbwembwe hata aya moja."

Alifariki Jumapili. Simu ya Mwiba ilipopata chaji ilijaa pongezi za wasomaji: umempa zake, safi sana. Mazishini shemeji hakumpa mkono. Naye alikuwa amesoma gazeti, wima, kama watu wote.

Jumatatu mhariri aliomba radhi, akaomba na makala. Mwiba aliketi aandike ile aliyoisema pale kitandani. Aliandika "Mama," akafuta. Akaandika tena. Sentensi ya kwanza ilianzaje? Hakukumbuka hata neno. Aliinua simu amuulize aliyeisikia, na vidole vikabonyeza tarakimu tatu kabla hajajizuia.