Shahidi Wangu wa Tangawizi

Nilisikia ndala zikiburuzwa koridoni kabla sijamwona mtu, nikaomba zipite. Mbele yangu, katika ofisi ya trafiki Same, afande alishika leseni yangu iliyofungiwa kwa mwendo kasi. Adhabu ilikuwa imeisha. Kilichobaki ni yeye kunirudishia.

“Tangu tukufungie, umegusa usukani?”

“Hata kidogo, afande. Leo nimekuja na basi.”

Mlango ukafunguka. Alikuwa bibi niliyempa lifti asubuhi kutoka milimani, mimi na huruma yangu ya kijinga.

“Shikamoo, bibi,” afande akaamkia.

“Marahaba. Mjukuu wangu, nimesahau tangawizi garini mwako. Afande, huyu anajua kuendesha! Kona zote zile sikutapika.”

Afande akaifungia leseni drooni.

“Mpe bibi funguo za gari.”

Nikampa. Bibi akanibariki, akatoka, akaufunga mlango taratibu.