Harufu ya Sabuni na Wanafunzi Tisini na Sita

Tarehe 12 Machi 2019, saa kumi alasiri, wanafunzi waliokwisha kupimwa katika maabara ya saikolojia ya chuo kimoja kaskazini mwa Uholanzi walikuwa tisini na sita. Wietske Hoekema aliwahesabu mara mbili. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake kwa miaka ishirini na miwili: kutunza majedwali ya watafiti na kuyaweka hadharani, kila mtu ayaone. Alikuwa binti wa mfugaji wa ng'ombe wa mkoa wa Friesland, mwenye maneno machache, aliyekuja kazini kwa baiskeli hata theluji ilipoanguka.

Utafiti ulikuwa wa Profesa Hessel Terpstra: je, harufu ya sabuni humfanya mtu awe mkarimu? Mpango wake ulitangazwa mtandaoni tangu Januari, katika rejista ya wazi ya tafiti, kama ilivyokuwa desturi ya maabara hiyo, ili mtafiti asije akageuza kanuni baada ya kuona matokeo. Kanuni ilikuwa moja: ataondolewa tu yule asiyemaliza jaribio. Wote tisini na sita walimaliza, na sabuni haikumzidishia yeyote ukarimu.

Siku tatu baadaye Hessel alitimiza miaka sitini. Alileta keki yake mwenyewe, nao watu wote watano wa maabara, yeye akiwamo, wakaketi duara, kila mmoja akimpa mwenzake mkono wa hongera, kama wafanyavyo Waholanzi. Wietske alikuwa ndiyo kwanza anatafuna Hessel alipomwinamia.

"Wietske, watoe wale ishirini na watano wa mwisho. Walikuwa wamechoka."

"Nani aliwapima uchovu?"

"Si walikuwa wanapiga miayo! Hukuwaona?"

"Niliwaona. Hata wewe ulipiga, na hakuna aliyekufuta."

Maaike, ambaye shahada yake ya uzamivu ilitegemea utafiti huo, akacheka.

"Acha kujifanya malaika," Hessel akanong'ona. "Mpango nimeuandika upya, uko mtandaoni tangu asubuhi. Wewe pandisha jedwali, basi. Mkataba wako unaisha Juni, au umesahau?"

Keki ikamgeuka mdomoni. Aliitema katika karatasi, kama baba yake alivyokuwa akitema maziwa yaliyotiwa maji, akaenda mezani kwake.

Mpango mpya ulikuwapo kweli, ukiongeza kanuni ya kuwaondoa waliochoka; bila wao sabuni ilionekana kuzidisha ukarimu. Juu yake mtambo ulikuwa umegonga tarehe: 15 Machi. Mpango wa kuwapima watu waliokwisha kupimwa! Na ule wa Januari ulikuwa palepale chini yake, kwa maana rejista ile haifuti kitu. Wietske aliona kinyaa. Mtu huyu alizunguka mikutanoni akihubiri utafiti wa wazi, na sasa, alipoamua kudanganya, alikuwa mvivu hata wa kutazama tarehe.

Maaike akamfuata. "Ukiweka wote, tasnifu yangu imekwenda na maji."

"Haiendi popote. Andika kwamba sabuni haikufanya kitu."

"Na nani atasoma hayo?"

"Mimi."

Akawapandisha wote tisini na sita. Kisha akaenda kunawa, akainusa sabuni ya msalani, akairudisha. Alinawa kwa maji matupu.

Juni ilipokwisha, katika jedwali walibaki wanafunzi tisini na sita. Katika maabara, kati ya watu watano, walibaki wanne: Maaike na tasnifu yake yenye sura kuhusu sabuni isiyofanya kitu, wasaidizi wawili, na Hessel.