Shemeji alipandishwa cheo benki, mahari ya dada yangu ikawa kosa

Wakuu, salaam. Wadogo, shikamoo zenu nimeshazipokea, msijaze uzi.

Haya ninayoandika nimeyaona kwa macho yangu. Asiyeamini apite, nyuzi humu ziko nyingi.

Juzi nimewaona mkigombana kuhusu wafanyakazi wa ile benki kubwa ya serikali, ile inayotoa noti, kwamba wanabanwa katika kununua na kuuza hisa zao binafsi. Kuna mmoja kasema eti ni mambo ya kisasa.

Ya kisasa wapi! Sie yalitukuta enzi za Ujamaa, hapa hapa Dar, na mpaka leo sijayaelewa.

Mie shule niliishia darasa la pili. Nimetoka Masasi sina mtu, nikabeba magunia, nikachoma mkaa Pugu, mwisho nikajenga banda Temeke na kununua kinu cha kusagia mahindi. Sikupewa na mtu yeyote, hilo mlijue.

Ila injini ya kukizungusha sikuwa nayo.

Ndipo akaja Bakari, karani wa hiyo benki, kumposa mdogo wangu Zainabu, niliyemleta mjini nilipopata pa kukaa. Zainabu akaulizwa anataka mahari gani. Wenzake walikuwa wanataja vitanda na bangili. Yeye akasema, "Anunue injini ya kinu cha kaka. Iwe yangu, tugawane na kaka kinachopatikana."

Bakari akanunua. Ndoa ikafungwa. Mashine ikanguruma, Temeke nzima wakawa wanasaga kwangu.

Miaka ikaenda. Bakari akapandishwa cheo, tukala pilau kwao Kipawa mpaka tukashindwa kuinuka.

Haukupita muda akaja bandani na tai yake, akasubiri nizime mashine.

"Shemeji, ile injini itoke kwa Zainabu."

"Itoke iende wapi?"

"Popote. Isiwe yake, isiwe yangu."

Nikamwangalia. "Umeiba kazini?"

"Sijaiba."

"Basi umeoa mwingine."

"Shemeji, ni miiko ya uongozi! Sasa nimekuwa mkubwa. Mkubwa haruhusiwi kuwa na hisa, wala nyumba ya kupangisha, wala biashara. Na mkewe vilevile."

"Noti mnatoa nyie wenyewe, halafu mnaogopa senti za dona?"

"Ndiyo hivyo. Sie wa benki tunajua mapema fedha inakwendaje, ndiyo maana tunabanwa zaidi."

"Na mahindi ya kina mama wa Temeke, mnayajua nini mapema?"

Akakuna kichwa. "Hapo hata mie sijui, shemeji. Ila nisipotekeleza, kazi sina."

Mtu anapandishwa cheo halafu anakuja kwako na sura ya msiba. Nikamwambia basi acha kazi, njoo usage. Akanionyesha viganja vyake, laini kama vya bibi harusi.

Sasa wasiojua niwaambie. Kwetu mwanamke akimrudishia mume mahari, anajivua kwenye ndoa. Habari ikamfikia mjomba wetu, aliyenifuata baadaye akakaa Pugu, kwamba Zainabu anarudisha mahari. Na sisi Wayao, kwenye ndoa za wapwa zake, neno la mwisho ni la mjomba.

Mjomba hakuuliza. Alitokea Kipawa na mkokoteni wa kubebea vyombo vya Zainabu!

Tukakaa mkekani. Bakari anaeleza miiko, jasho linamtoka. Mjomba anamkatiza:

"Cheo gani hicho kinachomfukarisha mke? Sema tu umemchoka, tumchukue mtoto wetu."

"Sijamchoka, mjomba."

"Basi mwachie mali yake!"

"Nikimwachia, nafukuzwa."

Kila mlango umefungwa. Injini ikibaki, kazi imekwenda. Ikirudi kwa Bakari, ndoa imekwenda, na bado kosa liko pale pale. Mie nilikuwa namtazama kila anayesema, na kila anayesema naona ana haki.

Zainabu akafungua mdomo mwishoni.

"Simrudishii Bakari kitu. Nampa kaka. Hiba, mbele yenu."

Mjomba akashtuka. "Na wewe unabaki na nini?"

Akamwonyesha mumewe kwa kidevu. "Na huyo."

Mjomba akamkagua Bakari, tai mpaka viatu. "Huyo anasaga?"

Tulicheka, hata Bakari mwenyewe alicheka. Mkokoteni ukarudi Pugu mtupu.

Mie nikarudi Temeke na injini nzima, sijui nifurahi au niombe radhi. Nikajisemea, angalau dada yangu hatalipia kusaga maisha yake yote.

Akaja na debe lake la mahindi. Nikampigia kelele apite mbele. Akakataa.

"Kaka, nisagie kama wengine. Nikisaga bure, itakuwa bado ni yangu, tumeificha tu kwako. Wakimuuliza Bakari ajibu nini?"

Akapanga foleni juani, nyuma ya wanawake wa mtaa mzima. Zamu yake ilipofika akanihesabia senti mkononi. Nikazipokea. Nyuma nasikia, "Kaka mtu kala mahari ya dada yake, na bado anamtoza!"

Nikamimina mahindi yake kinuni, nikamsagia kama wengine.

Bakari alistaafu jina lake safi, na Zainabu hakuachika. Nilichojifunza ni kwamba mkubwa akibanwa, mkewe naye anabanwa, hata kama hajawahi kukanyaga ofisini. Sisemi miiko ilikuwa mibaya. Wezi wa siku hizi nawaona, ndipo naikumbuka.

Lakini nyie mliosoma, changieni bila matusi, mnieleze taratibu: ile senti ya dada yangu niliyoipokea pale bandani, ilimwokoa nani na wizi gani?